Mtoto amerudi kutoka kambi ya Kifaransa na hasemi neno: msimlaumu yeye

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mombasa alinitumia ujumbe ulioniuma. Binti yake wa miaka 11 amerudi kutoka kambi ya Kifaransa huko Ufaransa. Alikaa wiki mbili, hela ya chama ikaenda na mkopo juu yake, na sasa nyumbani mtoto hasemi Kifaransa hata akibembelezwa. "Ametutupia hela," ndivyo alivyoandika. Mama, mtoto hajamtupia mtu hela. Watu wazima waliomtuma hawakujua wanamtuma wapi. Hilo linarekebishika, na wengi mnaoniandikia mna ndoto hiyohiyo ya mtoto kuongea Kifaransa kama maji, kwa hiyo nawaandikia nyote.

Kambi zinazouzwa kwa jina la "kuzama katika lugha" ni za aina mbili, na watangazaji hawapendi kuzitenganisha. Ya kwanza ni kambi ya lugha kwa watoto wa kigeni. Asubuhi ni darasa, mara nyingi kama masaa 15 kwa wiki, alasiri michezo na matembezi. Waliopo ni Waitaliano, Wahispania, Wachina, Wabrazili. Darasani wanaongea Kifaransa na mwalimu, lakini wakifika mezani lugha ya wote ni Kiingereza. Hapo ndipo watoto wetu wanapoumia kuliko wengine. Mtoto wa Nairobi, au wa shule ya mchepuo wa Kiingereza ya Dar es Salaam, ndiye fundi wa Kiingereza meza nzima, kila mwenye shida anamkimbilia yeye. Anarudi na marafiki kumi na Kiingereza kilichonolewa.

Ya pili ni "colonie de vacances", Wafaransa huikata wakasema "colo". Ni utamaduni wa zamani: mwaka 1876 mchungaji Hermann Walter Bion wa Zürich alipeleka watoto maskini wa mjini wakapate hewa ya milimani, na Ufaransa ikaupokea mtindo huo mpaka ukawa sehemu ya utoto wao. Huko hakuna darasa. Kuna farasi, mitumbwi, sarakasi, kupanda milima, na watoto wa Kifaransa wanaotaniana tangu asubuhi. Huko ndiko kuzama kwenyewe. Ila asiyejua kuogelea huzama kweli, kwa hiyo usimpeleke mtoto ambaye hana hata sentensi.

Kipimo changu ni kiwango cha A2, yaani ngazi ya pili kati ya sita za kujua lugha, ambacho kwa kawaida huchukua masaa 160 hadi 200 ya kujifunza. Alliance Française, kituo cha kufundisha Kifaransa, ipo Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Arusha, na mtihani wa Kifaransa wa DELF una toleo la watoto na la vijana. Lakini usiishie kwenye cheti. Mkalishe mtoto, umwambie aeleze kwa Kifaransa kwamba anaumwa, wapi panauma na tangu lini. Kisha mpe maagizo mawili kwa mkupuo: chukua kofia yako, halafu ukatungojee mlangoni. Akifanya la kwanza akasimama kuuliza la pili, bado. Mwanzishe na kambi ya lugha, au msubiri mwaka mmoja. Kungoja si aibu.

Kabla ya kulipa, muulize mwandaaji kwa maandishi: kati ya watoto wote, wangapi wanaongea Kifaransa kwao? Na mwanangu atalala chumba kimoja na nani? Swali la pili ni zito kuliko la ratiba ya masomo, maana lugha inaingia usiku, taa zikishazimwa, watoto wanaponong'ona na kucheka. Akilala na Mkenya mwenzake au na mtoto yeyote anayejua Kiingereza, hapo umepoteza nusu ya safari. Uliza pia kama kambi imeandikishwa kwa idara ya vijana ya mkoa wao, inayoitwa SDJES, na uombe kuona "projet pédagogique", yaani mpango wao wa malezi na shughuli. Kambi halali ya watoto Ufaransa inayo, na mzazi ana haki ya kuisoma.

Kuhusu muda, wiki tatu ndiyo nzuri. Siku nne tano za mwanzo sikio linapigwa na kelele tupu. Baadaye mtoto anaanza kuelewa lakini hasemi. Ukimya huu ni wa kawaida kabisa, akili inakusanya. Mdomo hufunguka wiki ya pili inapoelekea kwisha. Wa wiki mbili anapanda ndege siku ileile ulimi ulipokuwa unalegea, na hiki ndicho kilichompata binti wa Mombasa.

Tatizo ni kalenda. Shule za Ufaransa hufungwa mwanzoni mwa Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Likizo ya Agosti ya Kenya ni kama wiki tatu tu, ukitoa siku za safari zinabaki mbili na kitu, basi maandalizi ya nyumbani yawe makali zaidi. Tanzania ndiyo ngumu: likizo ya katikati ya mwaka inaisha wakati kambi ndiyo zinaanza. Mtoto wa mtaala wa taifa atakosa masomo ya Julai, kwa hiyo kamwone mwalimu mkuu mapema, upate ruhusa ya maandishi.

Viza nitaipitia haraka. Maombi ya Schengen, viza ya kuingia Ufaransa na jirani zake, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, lakini miadi ya Mei na Juni hugombaniwa, kwa hiyo maliza kufikia Aprili. Ada ni euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Akifika 12 analipa 90 kama mtu mzima na anachukuliwa alama za vidole. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Andaa cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi wote wawili iliyosainiwa mbele ya wakili. Maombi mengi hukwama kwenye hiyo ridhaa, baba yuko Muscat au Doha na saini yake haijaja. Ianze mapema kuliko karatasi nyingine zote.

Sasa fomu ya afya, na hapa naomba msome polepole. Inaitwa "fiche sanitaire de liaison". Kwanza inataka chanjo ya dondakoo, pepopunda na polio. Kadi ya kliniki ya mtoto wako ina sindano za uchanga, lakini ratiba ya Ufaransa ina za kurudia, ikiwemo ya umri wa miaka 6 na ya kati ya 11 na 13. Wengi wetu hatuna hizo. Nenda kachomwe mapema, siyo wiki ya kuondoka.

La pili ni malaria. Mtoto anaweza kuumwa na mbu Tanga leo, homa ikatokea wiki mbili baadaye kwenye kijiji cha Savoie, milimani Ufaransa, ambako daktari atafikiria mafua na kusema apumzike. Malaria ya kwetu haisubiri. Kwa hiyo kwenye nafasi ya maelezo ya ziada andika maneno haya kama yalivyo: "Arrive d'une zone de paludisme. En cas de fièvre, test du paludisme le jour même." Yaani anatoka eneo la malaria, akipata homa apimwe siku hiyohiyo. Mfundishe na mtoto neno "paludisme" mpaka alitamke usingizini. Na usimfungashie Panadol kimyakimya. Kambi haimpi mtoto dawa yoyote bila cheti cha daktari, hata ya kichwa, na ikikutwa kwenye begi itachukuliwa.

Kwenye lugha yenyewe, kuna mambo ambayo mwalimu wa Kifaransa hawezi kukwambia kama hajui Kiswahili. Saa, kwa mfano. Mlezi wa kambi atasema "à sept heures", mtoto anasikia saba, kichwani inakuwa saa saba. Kumbe ni saa moja. "Neuf heures" ni saa tatu. Darasani anajua, lakini akichoka ubongo unakimbilia lugha ya mama, na basi linaondoka bila yeye. Mvalishe saa ya mkononi ya namba, na kwa mwezi mzima kabla ya safari mwulize saa kwa Kifaransa mkiwa jikoni, mkiwa kwenye daladala, popote.

Halafu sauti ya "u" ya Kifaransa. Kiswahili hakina. "Dessus" ni juu, "dessous" ni chini, na mtoto wetu huzitamka sawa. Siku ya kwanza tu ataulizwa anataka kitanda cha juu au cha chini cha dabodeka. Zoezi lake ni rahisi: atamke "i", ashikilie ulimi hapohapo, kisha akunje midomo kama anapuliza mshumaa. Dakika tano kila siku mbele ya kioo. Jinsia za maneno zisimtishe, mwenye kumudu ngeli za Kiswahili hawezi kushindwa na "le" na "la".

Kama alifundishwa na mwalimu kutoka Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, atasema "septante" na "nonante" kwa sabini na tisini. Ni Kifaransa safi cha huko na asikionee haya, ila ajue Wafaransa husema "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Ajue pia kwamba "je ne sais pas" (sijui) ya kitabuni, midomoni mwa watoto imebaki "chais pas".

Na adabu. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hawezi kumwita mtu mzima kwa jina na kumwambia "tu", ile "wewe" ya Kifaransa ya watu waliozoeana. Kambini ndiyo desturi, walezi wengi ni vijana wenye cheti cha BAFA, cha kusimamia watoto kambini, na mtoto akiinamisha macho na kuitikia "oui" (ndiyo) kwa kila kitu watadhani ameelewa. Sheria inamtaka mlezi mmoja kwa watoto 12 wa miaka sita na kuendelea, hana muda wa kumsoma mmoja mmoja. Mpe mtoto ruhusa wewe mwenyewe, kwa mdomo wako: "Mwanangu, kule kumtazama mkubwa usoni na kusema sijaelewa siyo utovu wa adabu." Bila hiyo ruhusa hatathubutu. Naamini hili moja linaokoa kambi nyingi kuliko kamusi.

Chakula: andika "sans porc" (bila nguruwe) kwenye fomu kama ni Waislamu, na usitegemee nyama ya halali. Atapata samaki, mayai, mboga. Mweleze kuhusu pipi za kutafuna, nyingi zina jelatini ya nguruwe, na pipi hazipiti jikoni bali mkononi mwa rafiki. Kuogelea: mabwawa mengi ya umma humtaka mvulana avae chupi ya kuogelea inayobana, kaptula pana hurudishwa mlangoni, na mengi hayaruhusu vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima, kwa hiyo wenye mabinti ulizeni mapema. Kwa mitumbwi kuna jaribio: kuruka majini, kuelea chali sekunde 5, kuelea wima sekunde 5, kuogelea mita 20 kifudifudi na kupita chini ya kizuizi kinachoelea. Asiyefaulu atakaa ukingoni wenzake wakipiga makasia. Nywele za binti zisukwe kabla hajaondoka, twende kilioni ndogondogo zinazodumu wiki tatu, na kofia ya kuogelea iwe kubwa, maana kule hakuna atakayejua kumchana.

Mwezi wa saba jua la kule huzama karibu saa nne usiku. Mtoto wa ikweta anayelala giza likiingia atahangaika, mwekee kitambaa cha macho. Sweta pia, usiku wa milimani ni baridi hata Agosti.

Simu nayo ina saa zake, na kambi nyingi huzichukua. Usipige kila siku. Kila ukipiga unamrudisha nyumbani kwa Kiswahili, na kesho yake anaanza upya kuzoea. Mara mbili kwa wiki inatosha, baada ya chakula cha mchana, si usiku ambapo upweke ni mkali. Akilia siku ya tatu, msikilize, kisha ongea na mkurugenzi wa kambi kabla hujaahidi kumfuata. Hata hivyo aondoke na namba mbili kichwani: 112 ya dharura, na 119 ya mtoto aliye hatarini.

Mama wa Mombasa, nakujibu sasa. Acha kumsimamisha binti mbele ya wageni aseme Kifaransa. Hakuna mtoto wa miaka 11 anayeweza kuongea lugha kwa kuamriwa, na kila akishindwa mbele za watu anaifunga zaidi. Kambi nyingi za kule zina "veillée", michezo na nyimbo za jioni baada ya chakula. Kaa naye ukimsuka au mkichambua mchele, mwulize waliimba nini, akufundishe ubeti mmoja. Na kama alibadilishana anwani na msichana wa chumbani kwake, mnunulie kadi amwandikie wiki hii, kabla jina hilo halijafifia.