Bomba la titani lililochomelewa: lipashwe moto tena au liachwe?

Swali: Tumechomelea kwa tigi (tao la umeme linalolindwa na gesi) mabomba ya titani gredi 2, yaani titani isiyochanganywa na metali nyingine, unene wa milimita 3, ya kupitisha maji ya bahari. Mishono michache imetoka na rangi ya buluu. Je, tukiyaingiza tanurini mishono hiyo italainika, kama tunavyofanya kwa mabomba mazito ya chuma?

Jibu: Msiyaingize, ndugu. Buluu ni dalili kwamba hewa iliufikia mshono ungali wa moto. Oksijeni na nitrojeni zikishazama ndani ya titani, hakuna tanuri litakalozitoa; mshono unabaki mgumu, na unapasuka pale unapotakiwa kupinda. Kwa kazi ya maji ya bahari, kateni mishono hiyo mchomelee upya. Safari hii gesi ya arigoni, isiyoungana na metali, ijae ndani ya bomba, na kifuniko cha gesi kifuate nyuma ya tochi hadi mshono ushuke chini ya nyuzi 425 hivi za Selsiasi. Rangi ikaguliwe kabla mtu hajapitisha brashi, maana brashi huondoa rangi tu, ubovu unabaki. Rangi ya fedha inayong'aa au manjano hafifu inakubalika. Kijivu au unga mweupe hauna mjadala: mshono ukataliwe.

Mishono iliyo safi nayo kwa kawaida haihitaji tanuri. Chuma cha kaboni kikipoa haraka kinaweza kuwa kigumu mno, ndiyo maana hupashwa tena. Gredi 2 haina tabia hiyo. Chembe zake, yaani fuwele ndogo zinazounda metali, hukua kwenye mshono, na kuupasha tena hakuzirudishi kuwa ndogo, lakini kiungo kilichochomelewa vizuri hufikisha nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 345 inayodaiwa kwa bomba lenyewe. Faida pekee ya joto ni kulegeza mikazo iliyobaki ndani, nayo ina maana bomba likitakiwa kuchongwa kwa vipimo vya karibu, au kama lilikunjwa sana likiwa baridi. Hapo nyuzi 540 kwa dakika 45 zinatosha. Mkifika 700, nguvu iliyotokana na kukunja baridi inapotea, na tanuri likiwa na hewa, uso wa bomba unanyonya oksijeni na kuwa tabaka gumu linaloanza nyufa.

Gredi 5, yenye aluminiamu 6% na vanadi 4%, ni habari nyingine: mshono wake huwa mgumu kweli, na nyuzi 540 hadi 650 kwa saa kadhaa ni jambo la kawaida.

Mkilazimika kupasha, osheni kwa asetoni, kamwe si kwa kiyeyushi chenye klorini, na mshike kwa glavu safi. Tanuri la ombwe (lililoondolewa hewa) au la arigoni ndilo bora. Moto wa gesi uliokosa hewa ya kutosha huingiza hidrojeni, ambayo kikomo chake kwenye gredi 2 ni 0.015%. Hata asidi ya kusafishia huiingiza, kwa hiyo nitriki iwe angalau mara 10 ya hidrofloriki. Hiyo hidrofloriki hupenya mwilini hadi mfupani. Jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka asidi hiyo ikigusa ngozi, iwe karibu kabla chupa haijafunguliwa.