Antivairasi imegoma kurudi baada ya kuhamia Windows 11

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Laptopu ya ofisini nimeitoa Windows 10 nikaipandisha Windows 11. Antivairasi ya kulipia ikaacha kufanya kazi, nikaiondoa. Sasa kila nikiisakinisha naambiwa tayari ipo, na kwenye orodha ya programu siioni. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ujumbe huo ni wa kweli, bado ipo. Antivairasi huweka draiva (programu ndogo zinazofanya kazi ndani kabisa ya Windows) zinazokagua kila faili kabla halijafunguka, na kifutio kikikwama katikati, jina hutoka kwenye orodha huku draiva na huduma zake (programu zinazojiendesha kichinichini) zikibaki. Kisakinishi kikizikuta, kinagoma.

Hakikisha kwanza. Bofya kulia kitufe cha Start, chagua “Terminal (Admin)”, andika fltmc, amri inayoorodhesha draiva za aina hiyo, kisha Enter. WdFilter ni ya Microsoft, iache. Ukiona klif, hiyo ni ya Kaspersky. Eamonm ni ya ESET.

Tafadhali usifute folda wala rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) kwa mkono. Ukifuta faili la draiva ambayo Windows bado inaihesabu, kompyuta inaweza isiwake kabisa. Kampuni zenyewe hutoa vifutio maalumu bure: Kaspersky ina kavremover, Avast ina avastclear, McAfee ina MCPR, na ESET ina ESET Uninstaller. Chukua kwenye tovuti ya kampuni husika tu.

Kabla hujafuta, pakua kisakinishi kizima cha toleo jipya, na uandike karatasini namba ya leseni, nenosiri la Wi-Fi (kifutio cha ESET kinaweza kurudisha mipangilio ya mtandao mwanzo) na ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga data za diski) wenye tarakimu 48. Huu wa mwisho watu wengi huukumbuka skrini ikiwa imeshauuliza.

Sasa shikilia Shift ukibofya Restart. Pita “Troubleshoot”, “Advanced options”, “Startup Settings”, “Restart”, halafu bonyeza 4. Hiyo ndiyo Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu. Endesha kifutio, kikimaliza chagua Restart. Usitumie Shut down: pale ambapo Fast Startup (mpangilio wa kuwaka haraka) imewashwa, kuzima huhifadhi sehemu ya mfumo, na draiva za zamani zinaweza kurudi nazo. Rudia fltmc; jina likiwa limetoweka, sakinisha.

Toleo la zamani usilirudishe. Kinga ya Windows iitwayo Memory integrity huzuia draiva zisizopatana nayo, na kuizima ili antivairasi iingie ni kubomoa ukuta ili uweke mlango. Leseni ikidai imejaza idadi ya kompyuta, ingia kwenye akaunti yako ya kampuni hiyo uitoe laptopu ileile iliyosajiliwa mara ya kwanza.

Wakati wote huo Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inapaswa kukulinda yenyewe. Itazame ndani ya Windows Security. Ikiwa bado inaitaja antivairasi uliyoiondoa, mabaki hayajaisha, endesha kifutio tena.