Barua kwa mwanangu: korosho, lozi na donge la semla

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako tumeusoma, na baba yako anakusalimu. Unauliza kama korosho zinaweza kushika nafasi ya lozi kwenye semla zako, mikate yetu ya Kiswidi ya kujazwa lozi na krimu, za Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu, kwa kuwa lozi huko Dar ni ghali na korosho za Mtwara zimejaa kila kona. Nitafika huko. Kwanza niambie donge unalikanda vipi. Semla ni mkate kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mkate ukiwa mkavu, hata uujaze lozi za bei gani, mgeni atalamba krimu na mkate atauacha kwenye sahani.

Kipimo ni kile kile cha nyumbani: unga wa ngano gramu 500, maziwa mililita 300, yai 1, sukari gramu 80, siagi gramu 100, hamira kavu gramu 8, chumvi kijiko 1 cha chai na iliki vijiko 2 vya chai. Iliki uimenye mwenyewe na uitwange kwenye kinu, isiwe vumbi. Mlaji akutane na chembe zake. Ile iliyosagwa ya kopo harufu imeshaondoka, utatia mara mbili na bado usiisikie.

Na ukishapima, usiongeze unga. Nimekwambia tangu ulipokuwa unapanda kigoda kufikia meza, na leo nakwambia tena.

Kitakachobadilika huko ni joto. Huku Göteborg, Uswidi, mwezi wa pili tunapasha maziwa hadi nyuzi 37, kwa sababu jiko zima ni baridi. Dar usipashe, yatoe kwenye friji. Changanya hamira na unga mkavu kwanza ndipo umimine maziwa, maana hamira kavu ikitumbukizwa peke yake kwenye baridi hudhoofika. Kukanda kwenyewe kunaleta joto, na donge likipita nyuzi 28 hivi, siagi inaanza kuyeyuka na kutoka: utaona mikono inang'aa na donge linateleza. Likifika hapo, lifunike ulilaze kwenye friji dakika 20. Siagi yenyewe itie mwishoni, kipande kwa kipande, baada ya kukanda kama dakika 5. Ukiitia mwanzo, mafuta yanaufunika unga na donge linachelewa sana kupata mvuto. Kisha endelea kukanda dakika 10 au zaidi. Litanata, na ni lazima linate. Utajua limeiva ukivuta kipande kidogo taratibu kwa vidole kikatanuka mpaka mwanga ukapita, bila kuchanika.

Unajua ninakoelekea. Ile Jumanne shangazi yako alipokuja kutusaidia kuoka kwa ajili ya kahawa ya usharika. Mahamri ya shangazi yako wote tunayajua, hakuna wa kumfundisha. Basi kila donge liliponata mkononi, yeye alirusha konzi ya unga. Mimi nilikuwa napaka trei siagi. Nilipogeuka, donge limetulia, halishiki popote, naye ananiambia, "Haya, sasa hili ndilo donge." Jioni semla zilikuwa kavu hadi katikati. Mama mmoja alimega mara moja, akaifunika iliyobaki kwa karatasi ya mezani ili nisiione. Niliiona, na mpaka leo naiona.

Kilichofuata unakijua: yule mzee wa meza ya dirishani akaomba maziwa ya moto, akaweka mkate wake kwenye bakuli, akamwagia maziwa, akanyunyiza mdalasini. Hiyo ndiyo hetvägg, namna ya zamani ya kula mkate huu, na ndiyo aliyomalizia mfalme Adolf Fredrik wa Uswidi katika mlo wake wa mwisho, tarehe 12 Februari 1771, siku aliyofariki. Meza nzima wakamfuata yule mzee, bakuli zikapungua. Shangazi yako anahesabu siku ile kuwa ushindi wake.

Nikitulia, naona hakukosea kwa kazi anayoijua. Donge la mahamri linasukumwa, linakatwa, linatumbukizwa kwenye mafuta. Likiwa laini mno halishiki umbo na linakunywa mafuta. Pale ugumu kidogo ni sawa. Oveni ni jambo jingine: haikupi unyevu, inakunyang'anya. Ulaini unaoutaka kesho asubuhi lazima uwemo kwenye donge leo. Kwa hiyo alikuwa sahihi kwa mahamri. Lakini zile zilikuwa semla, na angeniuliza! Usiongeze unga. Likikushinda, paka mikono mafuta kidogo.

Kuumuka, tazama donge, saa iache. Huku huchukua saa nzima na zaidi. Huko dakika 40 zinaweza kutosha. Likishakuwa maradufu, kata vipande vya gramu 70, utapata 15 hivi. Viringa kila kimoja kikaze juu, mshono uwe chini. Viache viumuke tena, kisha bonyeza kwa kidole: alama ikirudi upesi, bado, na ukioka hivyo vitapasuka ubavuni, ikirudi polepole na kubakiza kishimo kidogo, ingiza, isiporudi kabisa, umechelewa na vitabonyea. Oka kwa nyuzi 200, dakika 12 hivi. Oveni za gesi huunguza chini, kwa hiyo pandanisha trei mbili. Vikitoka, vifunike kwa kitambaa papo hapo ili ganda lilainike.

Sasa korosho. Kwa lozi ungechemsha gramu 100 dakika 1, ukazimenya, ukazikausha kabisa, ukazisaga na sukari ya unga gramu 100. Korosho zilizobanguliwa hazina ganda la kukusumbua, ila chukua mbichi, si zile za kukaanga na chumvi. Zina ulaini unaotoa mafuta haraka, kwa hiyo saga kwa vipindi vifupi pamoja na sukari, la sivyo utapata siagi ya korosho. Kata kifuniko cha mkate, chota nyama ya ndani, ichanganye na ulichosaga. Maziwa tia kijiko kwa kijiko mpaka iwe nzito ya kuchoteka. Korosho zitataka machache kuliko lozi. Krimu iwe na mafuta asilimia 35 au zaidi, na bakuli la kuipigia litoke kwenye friji.

Harufu kali ya lozi hutaipata, hilo lijue. Unataka niseme ndiyo au hapana. Waswidi waliacha mfungo wa Kwaresima baada ya Matengenezo ya Kanisa, mkate wa kuamkia mfungo ukabaki, wakaula kila Jumanne hadi Pasaka, na siku hizi maduka yanauza tangu Januari. Wafini wengine wanatia jamu. Mkate uliovumilia hayo utashindwa na korosho? Lakini pia, ukitoa lozi umebakiza nini cha semla? Jibu ninalo, na kulizuia kunaniwia vigumu, ila sitalisema. Oka nusu kwa nusu, wape wakweo bila kuwaambia ipi ni ipi, halafu uniandikie.

Na nitumie picha ya moja iliyokatwa katikati kabla hujatia krimu. Nataka kuuona mkate.

Mama yako