Unayetafiti Ushiriki wa Wanachuo Mtandaoni, Usiishie Kuhesabu Nani Kaingia

Kila msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti ukifika, wanafunzi ninaowasimamia hapa Mtwara huniletea mada zinazofanana: teknolojia ya kufundishia na ushiriki wa wanafunzi vyuoni. Naipenda mada hii na nimeifanyia utafiti mwenyewe, kwa hiyo simkatazi mtu. Ninachowaomba ni kimoja tu. Usichukue ripoti ya Moodle, yaani mfumo wa masomo ya mtandaoni, ukahesabu nani kaingia mara ngapi, kisha ukaandika kwamba umepima ushiriki.

Nenda Chikongola usiku, ingia kwenye geto la wanachuo. Wamo wanne, na simu janja inayofanya kazi sawasawa ni moja. Ya pili kioo kimepasuka, mwingine ana kitochi. Mwenye bando anafungua swali la wiki na kulisoma kwa sauti. Wawili wanabishana, wa nne anaandika kwenye daftari, na ubishi unapanda mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta. Baadaye faili la swali hilo linarushwa kwa Bluetooth chumba cha pili. Mfumo wa chuo umerekodi nini usiku huo? Mtu mmoja, faili moja, dakika chache. Wengine wote, kwa hesabu ya mfumo, ni watoro. Na yupo upande wa pili anayebofya kila kitu kila siku kwa sababu kuna alama za mahudhurio, bila kusoma hata aya moja. Huyo ndiye anayeongoza kwenye jedwali lako.

Wataalamu walishalitafakari jambo hili. Mwaka 2004 Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris waliandika kuhusu ushiriki wa wanafunzi shuleni wakauona una pande tatu: vitendo, hisia na fikra. Mgawanyo huo umekuja kutumika sana vyuoni pia. Vitendo ni kuhudhuria, kukusanya kazi, kuchangia. Hisia ni kupenda somo, kujiona ni sehemu ya darasa, au kuchoshwa nalo. Fikra ni kule kuhangaika na jambo gumu hadi ulielewe. Melissa Bond na wenzake walichapisha mwaka 2020 mapitio ya tafiti 243 za elimu ya juu, zilizotoka kati ya 2007 na 2016, kuhusu teknolojia na ushiriki. Upande ulioonekana mara nyingi zaidi ulikuwa wa vitendo. Naamini sababu mojawapo ni kwamba vitendo vinahesabika kirahisi, na anayekimbizana na tarehe ya kukabidhi ripoti atakwenda kwenye kinachohesabika.

Kwa hiyo kabla hujaandika hojaji, amua unapima upande gani. Ukiwa na muda wa upande mmoja tu, sema hivyo waziwazi kwenye kichwa cha utafiti wako. Ukitaka kuona fikra, soma kazi zenyewe za wanafunzi. Namkumbuka binti mmoja ambaye hakuwahi kuandika neno kwenye kundi la WhatsApp la darasa lake. Nilipomhoji alitoa daftari kwenye begi: kila swali lililoulizwa kundini amelinakili, chini yake jibu lake kwa kalamu ya bluu, na jibu la mwalimu kwa nyekundu pale walipotofautiana. Sehemu nyingine alikuwa amemkatalia mwalimu na kuandika sababu. Hakuna ripoti ya mfumo ingeniletea daftari lile. Mahojiano hayo tulifanya kwa Kiswahili, na nawe fanya hivyo, hata kama ripoti unaiandika kwa Kiingereza. Mtu akiulizwa kwa lugha anayobishania getoni, anafunguka.

Jambo la pili ni mada zenyewe. Andiko linaloanza na "Athari za WhatsApp" huwa nalirudisha. Richard Clark, mtafiti wa elimu wa Marekani, alisema tangu mwaka 1983 kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta chakula: lori halibadilishi lishe ya mlaji. Wapo waliompinga, akiwemo Robert Kozma, na mabishano yao yanafaa kusomwa. Mimi nasimama karibu na Clark. Makundi mawili ya WhatsApp ya kozi moja yanaweza kutofautiana kabisa: hili mwalimu anatupa PDF na kuondoka, lile anauliza, anasubiri, anajibu kwa ujumbe wa sauti usiku. Tafiti anachofanya mwalimu mle ndani.

Halafu angalia kalenda ya huku kwetu. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukasuasua nchi nzima. Mtu akichukua takwimu za wiki zile bila kujua, ataandika kwamba wanachuo wa Kusini walipoteza hamu ya kusoma. Korosho nazo zina neno lake. Minada huanza kwenye Oktoba, na kwa mwanafunzi ambaye wazazi wake ni wakulima wa Newala au Tandahimba, fedha ya bando husubiri malipo ya mnada. Weka swali la gharama ya intaneti kwenye hojaji yako, na uandike tarehe za kukusanya takwimu pamoja na yaliyokuwa yakitokea.

Mwisho, ruhusa. Ujumbe wa kwenye kundi la darasa si mali yako kwa sababu tu na wewe umo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Waeleze wanakundi unachotafuta, wape nafasi ya kukataa bila kuulizwa sababu, na ufute majina na namba kabla ya kumpa mtu yeyote faili, msimamizi wako akiwemo. Kama unayemtafiti ni mwanafunzi unayemsahihishia mitihani, mtafute mwenzako mwingine akusanye zile fomu za ridhaa, kwa sababu mbele yako hataweza kusema hapana.