Maswali na Majibu: Vigeu Vyangu Vimekwenda Wapi?

Nikiandika info locals (amri ya kuonyesha vigeu vya fanksheni) kwenye GDB, dibaga ya kuchunguza programu inapotekelezwa, najibiwa "No symbol table info available". Kwa nini?

Hukuweka -g, chaguo la kompaila la kuhifadhi maelezo ya dibaga, ulipokompaili. Swali hili haliishi kuletwa, na jibu ni lile lile. Kama una hakika uliiweka, andika bt (orodha ya fanksheni zilizoitana) uone umesimama wapi. Huenda uko ndani ya maktaba ya C. Panda kwa up hadi ufike kwenye fanksheni yako.

Nimeweka -g na -O2 (chaguo la kuharakisha programu), lakini kigeu "jumla" kinaonyesha <optimized out>. GDB ni mbovu?

GDB inakwambia kweli. Ukitumia -O2, kompaila hailazimiki kukitengea kila kigeu nafasi kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu ya vigeu vya fanksheni. Tazama kitanzi hiki: for (i = 0; i < n; i++) jumla += a[i]; Hapo i inaweza isiwepo kabisa, kompaila ikasogeza anwani ya a[i] tu. Jumla nayo hukaa kwenye rejista (nafasi ndogo ndani ya prosesa), na ikishatumika mara ya mwisho, rejista hupewa kazi nyingine. Thamani imeshafutwa, dibaga itaitoa wapi? Simamisha programu mistari michache kabla, au kompaili faili hilo moja kwa -Og, iliyokuja na GCC 4.8 mwaka 2013 kwa kazi hii hasa. Tafadhali msibandike volatile (neno la C linaloilazimisha kompaila isome kigeu kumbukumbuni kila mara) kila mahali: mnabadilisha msimbo uleule mnaouchunguza, kisha mnausahau hivyo hivyo.

Kwa -O0 (bila uharakishaji) vigeu vyote vinaonekana, ila hitilafu inatoweka. Niwape wateja hiyo?

Hapana! Hitilafu ingalipo. Mara nyingi ni kigeu kisichopewa thamani ya mwanzo, au umeandika nje ya mipaka ya safu. La kwanza litafute kwa Valgrind, programu ya kukagua kumbukumbu, la pili kwa chaguo la kompaila -fsanitize=address. Na maonyo ya -Wall yasomwe, si kupuuzwa.

Bosi anakataza -g, eti inapunguza kasi.

Amekosea. Kwenye GCC, -g haibadilishi maagizo yanayotekelezwa. Faili ndilo linalonenepa. Toa nakala ya maelezo ya dibaga kwa objcopy --only-keep-debug, ndipo upitishe strip (amri ya kuyafuta maelezo hayo) kwenye programu ya mteja. Nakala hiyo itunzeni pamoja na kila toleo. Programu ikianguka kwa mteja mkaletewa faili la core (picha ya kumbukumbu programu ilipoanguka) peke yake, bila nakala hiyo mtabaki kukodolea macho anwani tupu. Diski ni rahisi kuliko usiku wa namna hiyo.

Nimeshapitisha strip kwenye nakala pekee ya programu. Maelezo yanarudi?

Hayarudi. Kompaili upya: msimbo ule ule, toleo lile lile la kompaila, machaguo yale yale, na -g juu yake.