Upweke kwenye huduma: mimi ilikuwa Kiteto

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa: umepelekwa kuhudumu kwenye mtaa wa mbali, yaani tawi la usharika, ibada ikiisha unarudi kwenye nyumba tupu, na sasa unajiona huna imani kwa kuwa unahubiri kwamba Mungu anatosha halafu mwenyewe usiku unalia. Hapo nimepita.

Nilikuwa mwinjilisti kwenye kijiji kimoja wilayani Kiteto, Manyara, miaka mitatu na ushee, sijaoa. Watu sikuwakosa. Alfajiri tu hodi: mgonjwa, msiba, mke kafukuzwa. Ila wote waliniita Mwinjilisti. Siku moja nilipanda kwenye kichuguu, maana mtandao ulishika pale tu, nikampigia mama. Akaniita kwa jina langu la utotoni. Nikalia, nikamwambia ni mafua.

Jumapili jioni ndiyo ilinimaliza. Mchana mnada wa sadaka umechangamka, watu wanapandishiana bei ya jogoo huku wanacheka; saa kumi kila mtu kaenda kwake, umebaki na ufunguo wa kanisa na kiporo cha ugali. Nilikuwa nawasha redio ili nyumba iwe na sauti tu, wala sisikilizi.

Kosa langu nililiona kupitia mzee mmoja wa kanisa, fundi baiskeli. Aliniuliza, "Mwinjilisti, wewe unakula lini?" Nikadhani anasema ugali. Akasema, "Naona unapakulia watu tu." Kweli bwana. Nilikuwa nikifungua Zaburi ya 23, kabla sijafika kwenye majani mabichi nimeshaigawa hoja tatu za Jumapili. Mungu alishakuwa bosi wangu wa kazi, na jioni nani anakaa na bosi?

Nikaanza Jumatatu kusoma bila kalamu wala daftari, sura moja, polepole, kisha nakaa. Wiki za mwanzo nilisinzia. Nyingine nililalamika tu, na hiyo nayo nikaihesabu kuwa maombi. Imepita miezi, jioni moja nikashtuka kuwa redio sijaiwasha tangu Ijumaa. Sikuona maono yoyote, usije ukayasubiri.

Sasa, wapo watakaokutupia Wafilipi 4:11, "nimejifunza kuwa radhi". Waambie wasome na 2 Timotheo 4. Paulo huyohuyo, kifungoni, anasema wote walimwacha lakini Bwana alisimama pamoja naye. Na kwenye sura hiyohiyo anamwomba Timotheo aje upesi, kabla ya baridi, amletee joho aliloliacha Troa na vitabu vyake. Bwana yupo, na joho analitaka, na Timotheo anamtaka. Mimi nilichelewa sana kuliona hilo. Nilidhani kuridhika na Mungu ni kujikausha usimhitaji mtu.

Nilipoelewa, nikamtafuta mwinjilisti wa mtaa jirani, saa mbili kwa bodaboda. Tukakubaliana mara moja kwa mwezi tule pamoja, taarifa za kazi marufuku. Alikuja na nusu kilo ya sukari, akaniita jina langu.

Huwa namkumbuka pia Rebmann, yule mmisionari wa Rabai, karibu na Mombasa. Alifika 1846, akaondoka 1875: kafiwa na mke, macho yamekwisha, waongofu wachache tu. Tunamsifu kwa kuuona Kilimanjaro 1848. Mimi najiuliza jioni zake zilikuwaje.

Jambo moja nisilipite. Kama hulali, huli, au mawazo ya kufa yanakujia, nenda hospitali wiki hii na umwambie mchungaji wako waziwazi. Hiyo haipimwi kwa imani.

Uko upande gani wa nchi? Huenda kuna mtumishi ninayemfahamu karibu na hapo.