Kujifunza Baada ya Semina: Kwa Watumishi Wapya wa Afya Nyanda za Juu Kusini

Mtumishi mpya anayepangiwa zahanati ya Makete, Ileje au Rungwe hudhani kwamba kujiendeleza kitaaluma ni kuitwa Mbeya mjini kwa semina ya siku chache, kusaini mahudhurio, kupokea cheti na kurudi kituoni. Semina zina faida, na pointi zake zinahitajika wakati wa kuhuisha leseni. Hata hivyo, mengi mtakayoyasikia humo yatapotea msipoyarudia, na sababu yake si uvivu bali ni maumbile ya kumbukumbu ya binadamu. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha majaribio yake mwaka 1885, alionyesha kuwa usahaulifu huenda kasi katika saa na siku za mwanzo, kisha hupunguza mwendo.

Wengi wetu hujitetea kwa kusoma mwongozo upya. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwalinganisha wanafunzi waliosoma tena na wale waliojipima bila kutazama maandishi. Baada ya dakika 5 waliosoma tena ndio waliokumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima waliwapita. Kusoma upya huleta hisia ya kujua, na katika kazi yetu hisia hiyo ni ya hatari.

Chukueni mfano wa kifafa cha mimba. Zahanati ndogo inaweza kukaa muda mrefu bila kumpokea mama wa namna hiyo, kisha akaletwa usiku wa mvua, barabara ikiwa haipitiki. Kwa hiyo funika mwongozo, uandike kwa kichwa dozi ya kuanzia ya magnizia salfeti, dawa ya kuzuia degedege: gramu 4 kwenye mshipa, kisha gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila tako. Andika pia yale yanayokaguliwa kabla ya dozi inayofuata, ambayo ni upumuaji, mwitiko wa goti na kiasi cha mkojo. Ndipo ufungue na kusahihisha papo hapo, kwa maana kosa lisilosahihishwa nalo hukaa kichwani. Rudia baada ya siku chache, halafu baada ya wiki kadhaa.

Kwa kazi ya mikono, ushahidi tunao hapa nchini. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yaliinua ustadi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini utendaji katika chumba cha kujifungulia haukubadilika. Yalipoongezwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Kwa maoni yangu, kila mfawidhi angepaswa kutenga dakika chache za mazoezi hayo wakati wa makabidhiano ya zamu. Pasipo na mwanasesere, aombe kumwazima kutoka hospitali ya wilaya.

Msiogope wakubwa kazini. Baada ya shikamoo, mwambie mkunga mzoefu, “Dada, naomba unisikilize nikitaja hatua, unisahihishe ninapokosea.” Yeye pia atakuwa anajikumbusha. Na kabla hamjatoka ukumbini siku ya mwisho ya semina, kila mmoja aandike kwenye daftari tarehe za kujipima na jina la mwenzake atakayemsikiliza.